Ukivunjiwa Nyumba Dar: Mpelelezi Anavyomfikia Mtuhumiwa, na Sehemu Yako Katika Kazi Hiyo

Nimefanya kazi ya upelelezi katika jiji hili hadi nilipostaafu, miaka mingi nikiwa upande wa Temeke. Mpaka leo majirani zangu wa Mbagala wakiibiwa hunigongea mlango kabla hawajafika kituoni. Wanauliza, "Mama, atapatikana?" Nami nawauliza kwanza: nani ameingia chumbani tangu mgundue? Mmeshika nini? Mmemtaja nani, na mmemtaja mbele ya nani? Majibu hayo huamua kesi kuliko ujanja wowote wa askari. Naandika hapa jinsi kazi yenyewe inavyokwenda na mahali unapohitajika wewe, uwe mlalamikaji au shahidi.

Msifagie

Nyumba ikivunjwa uswahilini, watu hujaa. Mmoja anaokota kufuli lililokatwa, mwingine anarudisha kabati mahali pake, shangazi anazoa vioo ili watoto wasijikate. Wote wana nia njema, na wote wanaondoa ushahidi. Edmond Locard, Mfaransa aliyeanzisha maabara ya polisi mjini Lyon mwaka 1910, alifundisha kwamba mtu akiingia mahali huacha kitu chake na huondoka na kitu cha pale. Aliyechomoa vioo vya dirisha lako ameacha alama za vidole juu yake, na ameondoka na vumbi la rangi ya ukuta wako kwenye suruali. Ukivikusanya vioo ukavitupa jalalani, umebaki na nusu ya habari.

Kwa hiyo toeni watu nje, fungeni mlango, na mtu mmoja asimame pale mpaka askari wafike. Andika majina ya wote walioingia, maana alama zao itabidi zitenganishwe na za mwizi. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa chochote: kwanza chumba kizima ukiwa mlangoni, kisha sogea karibu, na penye alama ya kiatu weka rula au sarafu pembeni ili ukubwa ujulikane. Mvua ikikaribia, funika alama hiyo kwa beseni. Picha hizo zibaki kwako na kwa mpelelezi. Usizitume kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, sababu yake nitaieleza kwenye sehemu ya Mahojiano hapa chini.

Kukiwa na damu au mtu amebakwa, mambo ni mengine. Maisha kwanza: mwenye hali mbaya apelekwe hospitali, askari waitwe kwa namba 112. Aliyefanyiwa ukatili asioge na nguo zisifuliwe. Ziwekwe kwenye bahasha ya kaki au mfuko wa karatasi, kila nguo peke yake, kwani mfuko wa plastiki hutunza unyevu na unyevu huozesha vinasaba (DNA). Kituoni ataulizia Dawati la Jinsia na Watoto, na atapewa fomu ya PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, ambayo daktari ndiye atakayeijaza.

Kituoni: eleza lililotokea kwa jina lake

Watu wengi wakiporwa simu huandikisha kwamba imepotea, kwa sababu wanataka taarifa ya upotevu haraka ili warudishe laini. Taarifa ya upotevu haifungui upelelezi. Kama umeporwa, sema umeporwa, taarifa iingizwe kwenye kitabu na upewe namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu hicho. Bila namba hiyo hakuna jalada, na bila jalada hakuna mpelelezi mwenye wajibu wa kukutafutia chochote. Uliza jina la mpelelezi uliyepangiwa na namba yake ya simu kabla hujaondoka.

Kisha unaandikisha maelezo, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo nilipoona kesi nyingi zikiponea au zikifia.

Shahidi wa kawaida huanza hivi: "Mrefu, mweusi, kavaa jezi ya Yanga." Siku ya mechi pale Uwanja wa Mkapa, maelezo hayo yanamhusu kila mtu wa tatu unayekutana naye. Mpelelezi anayejua kazi hatakukatisha. Atakuacha uelezee mwanzo hadi mwisho, ndipo arudi nyuma. Alikuwa mrefu kiasi gani ukilinganisha na mlango aliosimama? Panga alilishika mkono upi? Alitembeaje, alichechemea, alitupa miguu nje? Sauti yake ilikuwa ya mtu wa wapi? Alimwitaje mwenzake? Meno, kovu, tatuu, kucha, harufu ya sigara au ya petroli? Jambo moja dogo la namna hiyo lina faida kuliko rangi za nguo zote, kwa sababu nguo zitavuliwa jioni ileile.

Usimjibu kwa kubahatisha. "Sikuiona sura yake" ni jibu halali, na linakulinda. Nimeona mashahidi wawili wa tukio moja wakikaa benchi moja kituoni wakisubiri zamu. Walipoingia, kila mmoja alikuwa na kofia nyekundu kwenye maelezo yake. Mmoja tu ndiye aliyeiona hiyo kofia, mwenzake aliipokea benchini bila kujua. Hakuwa mwongo. Kumbukumbu huchukua vya jirani na kuvifanya vyake. Ndiyo maana nasisitiza msikae kikao cha familia kukubaliana ilikuwaje. Kila mtu akaeleze alichokiona yeye.

Mahakama zetu zina mizani yake kwa shahidi anayesema "nilimwona". Iliwekwa na Mahakama ya Rufani katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri la mwaka 1980, na mawakili wanaikariri hadi leo. Shahidi alimwona mtuhumiwa kwa muda gani? Kwa umbali gani? Mwanga ulikuwa wa namna gani, mkali au hafifu? Je, alikuwa akimfahamu kabla? Sasa rudi kwenye usiku wa umeme kukatika, na mwanga pekee ni tochi ya simu ambayo mwizi mwenyewe anakumulika nayo usoni. Hapo wewe umeonekana, yeye hukumwona. Lakini kama taa ya jirani kwenye uzio iliwaka, sema ilikuwa taa ya aina gani, ilikuwa upande upi, na ilikuwa hatua ngapi kutoka uliposimama. Usiposema siku hiyo, wakili wa utetezi atakuuliza mahakamani mbona hukusema.

Na kama unamfahamu, mtaje palepale. Mtaje kwa mtu wa kwanza anayekufikia, umtaje tena kituoni siku hiyohiyo. Mwenye genge mmoja wa mtaa wetu alivamiwa gizani na hakuona sura hata moja, lakini aliijua sauti, kwa kuwa mwenye sauti alikuwa akinunua sigara kwake kila jioni. Jirani aliyemfungulia mlango alikuwa wa kwanza kuambiwa jina. Utambuzi wa sauti peke yake ni ushahidi dhaifu, lakini jina lililotajwa dakika ile, kukiwa na jirani wa kulithibitisha, lilitupa mahali pa kuanzia, na vitu vya gengeni vikakutwa alikokuwa anaishi kijana huyo. Nimeona pia kinyume chake: mtu anamtaja jamaa yake baada ya wiki mbili, akidai alikuwa anaogopa. Huenda ni kweli aliogopa. Hakimu hana njia ya kutofautisha woga na chuki iliyopikwa baadaye, na mshtakiwa akaachiwa.

Askari akimaliza kuandika, soma maelezo yako, au omba usomewe. Palipokosewa sema parekebishwe kabla hujasaini. Hayo maandishi yatatolewa siku utakapopanda kizimbani, pengine mwaka umepita, na kila tofauti itaulizwa.

Kutoka kwa wengi hadi mmoja

Mpelelezi akiwa eneo la tukio huchora ramani yake, hupima, na huangalia njia ya kuingilia na ya kutokea. Mlango haukuvunjwa? Basi kuna ufunguo, au kuna aliyefungua. Mbwa hakubweka? Amezoea mtu. Waliofika walikwenda moja kwa moja kwenye godoro zilipokuwa pesa za kikoba, wakaacha televisheni? Walijua. Hapo swali kubwa linakuwa nani alijua kwamba mama ndiye mtunza hazina, na kwamba mgao ulikuwa Jumamosi.

Basi inatengenezwa orodha, na kwa kila jina namna ya kufanya kazi ni moja: tafuta kwanza sababu ya kumtoa mtu humo. Alikuwa wapi, na nani, nani mwingine anaweza kusema hivyo bila kuwa ndugu yake? Kama alikuwa zamu kiwandani, kuna daftari la getini. Anayebaki baada ya kutafutiwa njia zote za kutokea ndiye wa kuangaliwa kwa makini. Ukianza kwa kutaka kumpata mwenye hatia, kila kitu utakachokiona kitamwelekea unayemchukia tayari, na mtaani anayechukiwa ni kijana asiye na kazi, awe ameiba au hajaiba.

Wanaojua mengi ni wale ambao hakuna anayewauliza: bodaboda wa kijiweni anayejua pikipiki ngeni, mama ntilie anayewasha moto saa kumi alfajiri, mlinzi wa gereji. Waulizwe mapema. Kamera za sheli na za maduka pia zifuatwe mapema, nyingi hufuta picha za zamani zenyewe nafasi ikijaa. Mpelelezi akichelewa, wewe mlalamikaji nenda kamwombe mwenye duka asiifute ile ya usiku huo, kisha mpigie mpelelezi.

Simu ndiyo shahidi wa zama hizi. Kila simu ina namba ya IMEI ya tarakimu 15, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, si ya laini. Bonyeza *#06# leo, iandike kwenye daftari, na boksi la simu usilitupe. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA tangu usajili huo ulipoanza Mei 2019, na zisizosajiliwa zilianza kufungwa tarehe 20 Januari 2020. Kwa hiyo laini mpya ikiwekwa kwenye simu yako iliyoibiwa, mpelelezi anaweza kuiandikia kampuni ya simu kwa utaratibu wa kisheria na kupata jina. Lakini jina hilo nalo ni mwanzo wa maswali tu. Kuna laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha bibi wa watu asiyejua lolote. Piga *106# uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa NIDA yako, na usiyoitambua ukaifute kabla haijakuletea askari mlangoni.

Mara nyingi atakayekutwa na simu ni mwanafunzi aliyeinunua mtumba kwa mtu aliyeinunua kwa mtu. Huyo ni uzi wa kuvuta. Aliuziwa na nani, wapi, kuna maandishi? Sheria inaruhusu mtu aliyekutwa na mali iliyoibwa karibuni, asiye na maelezo ya kuridhisha, ahesabiwe kuwa ndiye mwizi au mpokeaji wa mali ya wizi. Ukinunua simu iliyotumika, dai risiti na nakala ya kitambulisho cha muuzaji, hata awe rafiki.

Kwa mwenye mali kuna sharti ambalo wengi hawalijui. Itaje alama maalumu ya mali yako kabla hujaonyeshwa ile iliyokamatwa. Televisheni ya chapa fulani ya inchi 32 iko katika nyumba ngapi hapa Dar? Lakini iliyopasuka kona ya chini kushoto, yenye kibandiko cha fundi nyuma na waya uliofungwa kwa plasta, ni moja. Ukisema "ni yangu, inafanana," mshtakiwa naye atasema inafanana na yake.

Polisi wakienda kupekua, wanatakiwa kuwa na shahidi huru, na kwetu mara nyingi huitwa mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ukiitwa wewe, ingia na uone kwa macho yako kitu kikitolewa mahali kilipotolewa, kisha ndipo usaini hati ya vilivyokamatwa. Usisaini ukiwa uani. Kuanzia hapo kila kielelezo kinawekewa alama, na kila anayekipokea na kukikabidhi huandikwa, mpaka kwa mtunza vielelezo na mahakamani. Kikipotea mkononi mwa mtu mmoja tu asiyeandikwa, utetezi utauliza kama hicho ndicho kilekile.

Sampuli za damu na mate huenda Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009. Vijana wanadhani kazi ya vinasaba ni kumfunga mtu. Aliyegundua namna ya kutofautisha watu kwa vinasaba ni Alec Jeffreys wa Leicester, Uingereza, mwaka 1984. Polisi walipomwendea na mauaji ya wasichana wawili, walikuwa na kijana wa miaka 17 aliyekwisha kukiri mauaji mojawapo. Kipimo kilionyesha si yeye. Muuaji wa kweli, Colin Pitchfork, alikamatwa baadaye na akahukumiwa mwaka 1988. Mara ya kwanza kabisa ya kipimo hicho kutumika katika kesi ya mauaji, kilimwokoa mtu aliyekiri.

Mkimkamata wenyewe

Najua hasira ya kuibiwa. Najua pia nilichokiona kwenye mitaro ya barabara zetu baada ya mtu kupigiwa kelele za mwizi, na sitakisimulia. Nasema kama mpelelezi: mkimuua, mmeua na habari zote alizokuwa nazo. Hatasema mali iko wapi, nani mnunuzi, nani aliyewatuma, na kama hakuwa yeye hatasema kitu tena. Na nyinyi mliompiga mmekuwa watuhumiwa wa mauaji, jalada lenu litafunguliwa kituo kilekile. Mkamateni, mkalisheni chini, iteni uongozi wa mtaa na polisi, na mtu mmoja aandike alikutwa na nini na saa ngapi.

Mahojiano

Muda wa msingi wa kumhoji mtuhumiwa ni saa 4 tangu awekwe chini ya ulinzi, na ukihitajika zaidi lazima uongezwe kwa utaratibu wa sheria. Anaambiwa kosa analotuhumiwa, anaonywa kwamba halazimiki kusema, anaambiwa ana haki ya kuwa na wakili au ndugu. Akikubali kuzungumza, ndipo yanaandikwa maelezo ya onyo. Akitaka kukiri, anaweza kupelekwa pia kwa mlinzi wa amani, ofisa wa mahakama anayeandika maelezo hayo, mbali na askari waliomkamata.

Kipigo hakina nafasi hapa, na siyo kwa sababu ya sheria peke yake. Anayepigwa husema unachotaka kusikia, na unachotaka kusikia unakijua tayari. Mpelelezi anahitaji asichokijua. Kwa hiyo huwa tunabakiza jambo moja au mawili ambayo hayakutangazwa popote: kwamba kabati lilifunguliwa kwa bisibisi ya mashine ya kushonea, kwamba walimwaga sukari sakafuni. Mtu akiyaeleza hayo mwenyewe bila kuulizwa, akatupeleka hadi kwenye kichaka lilikotupwa panga, kukiri kwake kuna kitu cha kukishikilia. Sasa ukiwa umesharusha picha zote kwenye kundi la mtaa lenye watu mia mbili, kila mtu Mbagala anajua habari ya sukari, na nyenzo yetu imekwisha.

Gwaride la utambulisho

Gwaride ni la mtu usiyemfahamu. Kama ni kijana wa nyumba ya tatu, hakuna haja ya gwaride, na likifanyika halina uzito. Mtuhumiwa mmoja anachanganywa na watu wasiopungua 8 wanaokaribiana naye kwa umri, kimo na mwonekano. Anayeliendesha si mpelelezi wa kesi. Mtuhumiwa anachagua mahali pa kusimama, na anaweza kubadilisha kabla shahidi mwingine hajaingia. Mashahidi wanaingia mmoja mmoja, na aliyetoka harudi walipo wanaosubiri.

Ukiingia, tembea taratibu, tazama wote, rudi tena ukipenda. Ukimwona, mguse begani. Usipomwona, sema hayupo. Hakuna atakayekasirika, na kama kuna askari atakayekasirika, hilo ni tatizo lake. Usimguse anayefanana kwa kuogopa kurudi nyumbani bila jibu. Yule utakayemgusa anaweza kukaa mahabusu miezi. Na kama mtu yeyote amekuonyesha picha ya mtuhumiwa kwenye simu kabla ya gwaride, hata kwa dakika moja, mweleze msimamizi kabla hujaingia.

Jalada likishaondoka

Upelelezi ukikamilika, jalada huenda kwa mawakili wa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Huenda likarudi kwa mpelelezi na maelekezo: mhoji tena fulani, leta taarifa ya maabara. Kurudi huko ni kawaida. Ukikaa muda mrefu bila habari, mpigie mpelelezi ukiwa na namba ya RB mkononi. Asipokujibu, nenda kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya, OC-CID, na ukimkosa huyo, kwa mkuu wa upelelezi wa mkoa wa kipolisi, awe wa Temeke, Ilala au Kinondoni. Huduma hiyo hailipiwi. Ukiombwa hela ya mafuta ya gari au ya karatasi za jalada, namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113, na kupiga ni bure.

Ukitishwa, mwambie mpelelezi siku hiyohiyo na uandikishe. Tangu mwaka 2015 kuna sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Ukibadilisha namba ya simu au ukihama, mpe mpya. Samansi nyingi hurudi mahakamani zikiwa zimeandikwa kwamba shahidi hakupatikana, kumbe amehamia Chanika tu. Ukiipokea na una safari, mpigie mpelelezi kabla ya tarehe iliyoandikwa, ili mwendesha mashtaka aombe tarehe nyingine mapema.